Andikeni jina la fundi kwa kazi yake

Mhariri,

Kuna Mwingereza mmoja mbunifu wa fanicha anaitwa Tom Dixon, alizaliwa Sfax kule Tunisia mwaka 1959, na kila nikisoma habari zake naona mafundi wetu wa soko la Kibuye hapa Kisumu tupu. Chuo cha sanaa cha Chelsea aliingia akatoka mapema, akapiga gitaa la besi kwa bendi ya London, alafu akataka kujitengenezea pikipiki yake ndio akajifunza welding. Basi, kila kitu kilianzia hapo. Hakuna aliyemfundisha kubuni kiti, ni yeye na mashini yake na vyuma vya kuokota, miaka ya 80 akawa anaunganisha skrapu inatoka viti na taa, anauza, anaunda vingine.

Kiti kilichomtoa kinaitwa S Chair. Ni rodi ya chuma imekunjwa ikafuata mgongo, kiuno na mapaja ya mtu, hakina miguu minne, kimesimama juu ya duara moja tu, alafu kikavishwa manyasi yaliyosukwa. Kabla ya manyasi alijaribu hata mpira wa tyubu kuukuu. Sasa niambieni nyinyi watu wa Kisumu, hapo ni nini hatuna? Rodi tunakunja kila siku. Fundi anabana kipande kwa vaisi, anaingiza paipu mbele ili apate nguvu, anavuta kidogo, anakitoa anakilaza juu ya mchoro wa choki pale chini, kama hakijafuata laini anarudi kwa vaisi tena mpaka pande mbili zifanane. Na manyasi, si tuna gugu maji limeziba ziwa? Pale Dunga watu wanakata mabua yake wanayaanika yakauke kabisa, manake yakibaki na unyevu yanaota ukungu ndani kwa ndani, alafu wanayasuka wanayazungusha kwa fremu wakivuta kwa nguvu mpaka mtu akikaa hakilegei. Vikapu wanatoa, viti wanatoa, na ni vizuri kabisa.

Tofauti ni kwamba kampuni ya Cappellini ya Italia ilipokichukua kile kiti iwe inakitoa kwa wingi, jina la Dixon lilienda nacho. Leo kiko kwa makumbusho ya MoMA kule New York na jina lake likiwa hapo hapo. Mwaka 1998 maduka ya fanicha ya Habitat yakamfanya mkuu wa ubunifu, 2002 akafungua kampuni ya jina lake mwenyewe. Kazi moja ilimvutia nyingine kwa sababu aliyeipenda alijua amtafute nani.

Kwetu inakuwaje? Jirani yangu wa kibanda aliunda kiti cha nje, mgongo wake wa rodi umejikunja kama mawimbi na mkono mmoja mpana wa kuwekea kikombe, sijawahi ona kama hicho popote. Hoteli moja ikanunua viwili, tukafurahi sote tukijua sasa kazi imekuja, kumbe wanavitaka vya kupiga picha wapelekee karakana nyingine ya bei ya chini, na huko ndiko seti yote ilitengenezwa. Hivyo viti viko pale mpaka leo, wageni wanavikalia wanavisifu, na ukiuliza vimetoka wapi unaambiwa ni vya jua kali tu, yaani vya fundi wa kibandani asiye na jina. Iliniuma sana na bado inaniuma, kwa sababu nilimwona akilala na hiyo kazi kichwani na kuamka nayo.

Na msiniambie mambo ya majina ni ya wazungu. Cyrus Kabiru ni msanii wa Nairobi, amezaliwa 1984, amejifunza mwenyewe, anaokota waya na vyuma na takataka za elektroniki anaunda miwani anayoiita C-Stunners, imeonyeshwa hadi nchi za nje, na hakuna mtu anasema hiyo ni miwani ya jua kali. Inaitwa ya Kabiru.

Najua wengine watasema dawa ni vyeti. Sikatai, mtihani wa ufundi wa NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, unampokea hata yule amejifunzia kibandani, anaanza gredi 3 anapanda mpaka 1, vijana waufanye. Lakini ule unapima kama welding yako inashika, haupimi kama lile umbo limetoka kwa kichwa chako. Umbo linalindwa ukisajili muundo wako KIPI, ile taasisi ya serikali inayosajili ubunifu, wanakupa miaka 5 na unaweza kuongezewa mara mbili, jumla 15, na ukiunda sanamu, hiyo inalindwa na sheria ya hakimiliki. Pale kwetu fundi anajua bei ya angle line kwa kila hardware ya mjini, lakini hii hajawahi ambiwa na mtu.

Sio ati Dixon namsifu kwa kila kitu. Zile taa zake za Beat alitoa wazo kwa vyombo vya shaba vya maji vya India, na ni mafundi wa India wanaozipiga nyundo kwa mkono, lakini jina linalouza dukani ni lake. Hao nao wangeandikwa.

Kwa hivyo naomba kaunti ikiagiza geti, benchi za bustani au sanamu ya raundabauti, mkataba useme wazi kwamba jina la fundi na mwaka vitaandikwa kwa kazi yenyewe, hata kwa rodi ya welding, ni kazi ya dakika chache. Wenye hoteli na maduka ya fanicha wafanye hivyo hivyo, na wakitaka zaidi warudi kwa mwenyewe. Watu wa KIPI nao wateremke Kibuye siku ya Jumapili soko likiwa limejaa, waweke meza, waongee na mafundi kwa lugha tunayoelewa na waondoke na fomu zikiwa zimejazwa.

Na gazeti pia, mhariri, mkichapisha picha ya kitu kimeundwa huku kwetu, pale chini mnapoandika aliyepiga picha muandike na aliyekiunda.

Welda wa Kibuye,
Kisumu