Hatua sabini si ekari moja

Ndugu Mhariri,

Katika taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu nchi ambazo hazijahamia kikamilifu kwenye vipimo vya mita, mwandishi wenu aliwacheka Wamarekani kwa futi na ratili zao, kisha akaandika bila wasiwasi kwamba sisi Tanzania tulimaliza kazi hiyo zamani. Nimelisoma gazeti hili kwa miaka mingi bila kumsumbua mtu kwa barua, lakini hilo limenishinda kulinyamazia.

Tulimaliza wapi? Mwandishi wenu aende duka lolote la vifaa vya ujenzi akaulizie mbao. Atapewa "mbili kwa nne", maana yake inchi, na urefu atatajiwa kwa futi. Misumari ni ya inchi nne na bomba la maji ni la nusu inchi, ilhali nondo ni ya milimita 12, na bati urefu wake ni mita lakini unene wake ni geji. Fundi hulazimika kusoma futi kamba upande huu na upande ule kwa paa lile lile moja, na hesabu ikikosewa, mbao zinazoharibika ni za mwenye nyumba.

Hayo hata hivyo ni madogo. Nilinunua shamba la ekari moja kijijini, na ekari, kama kila mnunuzi anavyoambiwa, ni hatua 70 kwa 70. Hesabu hiyo inakubali pale tu hatua moja inapokuwa yadi moja, yaani sentimita 91, kwa kuwa ekari ni yadi za mraba 4,840, sawa na mita za mraba 4,047. Aliyepewa kazi ya kupiga hatua alikuwa mpwa wa muuzaji, kijana mfupi, aliyevaa kandambili, ambaye kila alipofika kwenye tuta alifupisha hatua zaidi ili asiteleze, huku sisi wazee wazima tukimfuata nyuma tukihesabu kwa sauti. Nilipomleta mpima ardhi baadaye, kifaa chake kilionyesha mita za mraba 3,364. Nikaenda kulalamika, nikajibiwa kwa upole kwamba hatua zilikuwa 70 kamili, zilihesabiwa mbele ya mashahidi, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao! Fedha, bila shaka, nililipa za ekari nzima.

Mkulima wa viazi naye yuko kwenye kilio hicho hicho. Gunia lake hushonewa kilemba mpaka likawa lumbesa, akalipwa bei ya gunia moja, kisha viazi hivyo hivyo vikifika mjini vinauzwa kwa sado, ambayo ni ndoo ya rangi. Mizani ipo, sheria ipo, na lumbesa inapita barabarani mchana kweupe.

Australia ilipoamua kuhama, ilibadilisha vibao vya barabarani nchi nzima mwezi Julai 1974, na wajenzi wake wakashika milimita. Marekani ilitunga sheria mwaka 1975 ikaacha kila mtu ahame kwa hiari yake, na kufikia 1982 hata bodi iliyosimamia shughuli hiyo ilikuwa imevunjwa. Sisi tumefuata njia ya pili huku tukijisifu kwa ya kwanza. Nashauri itangazwe tarehe ambayo baada yake hakuna futi kamba yenye inchi itakayopita bandarini, kila ofisi ya kijiji iwe na kamba ya mita 100 iliyohakikiwa, na mkataba wowote wa shamba usiotaja mita za mraba usigongwe muhuri.

Ikiwa hilo ni gharama kubwa mno, basi Serikali imteue mpiga hatua mmoja wa Taifa. Huko Ufaransa, karibu na Paris, kilitunzwa kipande cha platini na iridi kilichokuwa kipimo rasmi cha mita hadi mwaka 1960, nasi tunaweza kumtunza mtu wetu Dodoma, akazungushwa vijijini kwa gari la Serikali kila shamba linapouzwa. Ombi langu ni moja tu: awe mrefu.

Msomaji wenu,
Morogoro