Dawa ya kuyeyusha mafuta baharini hatuuzi, na sababu ni hii

Simu ililia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nahodha wa boti ya kuwapeleka watalii kuvua, hapa Mtwapa, pwani ya Kenya, alikuwa anajaza dizeli kwa mpira kutoka kwenye pipa. Mpira ukachomoka, na kabla kijana wake hajaudaka, lita kama 40 zilikuwa zimeshaingia majini. "Kaka, ile dawa mnayo? Maana sabuni ya vyombo nimeshamwaga chupa mbili, naona inakubali."

Tulipofika, sisi wa kusafisha mafuta yaliyomwagika, kweli zile rangirangi za dizeli juu ya maji zilikuwa zimetoweka na nahodha amejawa na furaha. Nikateremka ngazi za gati nikachota maji kwenye chupa. Yalikuwa meupe kama maji yaliyooshea mchele, na ukiyanusa ni kituo cha petroli kitupu. Dizeli ilikuwa palepale. Ilichobadilisha ni sura.

Sabuni haiondoi mafuta, inayakatakata. Badala ya utando juu ya maji unapata matone madogo mno yanayoning'inia chini ya uso, mahali walipo kamba wachanga, mayai ya samaki na mizizi ya mikoko. Utando ule tungeweza kuuzunguka na kuunyonya. Matone hayo hakuna wa kuyakusanya, si mimi wala kampuni kubwa yenye ndege.

Dawa halisi za kutawanya mafuta zipo, na zina kazi yake. Zimekusudiwa bahari kuu, penye kina na mawimbi, ambapo matone yanasambaa katika maji mengi na bakteria wanapata nafasi ya kuyala. Katika Ghuba ya Meksiko mwaka 2010, mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulipolipuka, zilimwagwa karibu lita milioni 7, na wataalamu wanabishana juu ya madhara yake mpaka leo. Waingereza walilipia somo hili mapema zaidi. Meli ya Torrey Canyon ilipopanda mwamba karibu na Cornwall, Machi 1967, sabuni za viwandani zilimwagwa kwa maelfu ya tani, na miamba iliyopigwa sabuni ikachelewa kupona kuliko ile iliyoachwa na mafuta yake. Hori letu, huu mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, maji yakipwa unavuka sehemu nyingine umekunja suruali tu. Hapo dawa hiyo hainyunyizwi, na hata kwenye kina huitumii bila idhini ya mamlaka.

Basi tunachofanya sisi ni nini? Tunazuia, halafu tunanyonya. Kuzuia ni kwa uzio wa maboya wenye sketi inayoning'inia chini ya maji. Ukiutazama kwenye picha unaonekana kama ukuta, lakini una udhaifu ambao muuzaji hakuambii: mkondo ukiugonga moja kwa moja kwa mwendo unaozidi fundo 0.7, mafuta yanapita chini ya sketi. Huo ni mwendo wa sentimita 36 kwa sekunde, yaani polepole kuliko mtu anayetembea akichezea simu. Wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hori linakwenda kasi kuliko hapo. Kwa hiyo hatufungi uzio kukata hori katikati. Tunaulaza mshazari ili mafuta yateleze kuelekea ukingoni kwenye maji yaliyotulia, na huko ndiko tunakoyasubiri. Wateja wengine wakiona tumeufunga upande wanadhani hatujui kazi.

Kunyonya ni kwa pedi nyeupe za polipropilini, aina ya plastiki, zinazokunywa mafuta na kukataa maji. Tunaulizwa sana kuhusu makumbi ya nazi na maranda. Kwenye sakafu ya gereji, sawa kabisa, okoa pesa yako. Majini yakitupwa hivihivi hulowa maji pia, yakazama na mafuta yake, ukawa umehamishia uchafu chini. Usumba, yaani nyuzi za makumbi, ukitaka kuutumia, ushindilie kwenye mifuko ya nyavu yenye kamba, ili uweze kuuvuta urudi.

Kuna mashine za kuengua mafuta, na kuna kuyachoma. Moto unahitaji tabaka la milimita 2 au 3 angalau, na dizeli ikimwagika hutanda nyembamba mno: lita moja ikifika kwenye rangi za upinde wa mvua inaweza kufunika mita za mraba 3,000. Na hao wenye zana zote? Hesabu ya serikali ya Marekani kwa ajali ile ya 2010 ilionyesha kwamba yaliyochomwa yalikuwa kama asilimia 5, na yaliyoenguliwa asilimia 3. Nayataja haya ili mtu akikuahidi kurudisha maji yako kama yalivyokuwa, umwulize maswali zaidi.

Kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni ya Mauritius mwaka 2020. Meli ya Wakashio ilipopanda mwamba Julai 25, kiasi cha tani 1,000 za mafuta mazito kilivuja. Wananchi walishona mirija ya vitambaa wakaijaza majani ya miwa, wakaifunga ufukweni kwa mikono yao. Picha hizo zilizunguka dunia nzima. Lakini wakati huohuo mafuta yaliyobaki melini, karibu tani 3,000, yalipampwa nje kabla meli haijakatika vipande viwili Agosti 15. Hiyo ndiyo kazi iliyookoa pwani mara tatu zaidi ya uharibifu uliotokea, na haikupigwa picha nyingi.

Kwa wateja wetu, tafsiri yake ni kuzuia mafuta kabla hayajamwagika, kwa vifaa vidogo: koki inayojifunga mpira ukichomoka, beseni chini ya mdomo wa tangi, na pedi moja kwenye ngama, pale chini ndani ya boti maji yanapojikusanya, ili maji ya ngama yasitoke na oili. Hivi tunauza na kufunga, na kusema kweli faida yake kwetu ni ndogo kuliko ya uzio. Pedi zilizotumika tunazichukua wenyewe kuzipeleka kwa wenye leseni ya taka hatari. Usizichome ufukweni.

Ukitupigia, tuambie ni dizeli, oili au mafuta mazito, ni lita ngapi kwa kukisia, na maji yanajaa au yanapwa. La mwisho ndilo linaloamua tuje upande gani wa hori. Na kama mpira bado unadondosha, funga koki kwanza ndipo upige.