Barua kwa Wazazi na Walezi: Usalama wa Vijana Wetu Wakati wa Likizo

Ndugu Wazazi na Walezi,

Muhula umefikia tamati, na pamoja na barua hii mtapokea ripoti ya matokeo ya mtihani. Kabla hamjaifungua, naomba tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu huona vigumu kulitamka, nalo ni vijana kujiua. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 kujiua kulishika nafasi ya tatu miongoni mwa visababishi vya vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29, hivyo hili si jambo la nyumba za wengine.

Shuleni mwalimu wa darasa humwona mwanafunzi kila siku. Wakati wa likizo jicho hilo ni lenu. Mwangalieni kijana anayejitenga na wenzake, anayekosa usingizi au kulala kutwa, aliyeacha ghafla mchezo alioupenda, anayegawa vitu anavyovithamini, au anayesema kwamba nyumbani kungekuwa na nafuu bila yeye. Kauli ya namna hiyo msiichukulie kuwa utani wala kudeka.

Mkiingiwa na shaka, muulizeni faraghani, kwa upole na bila kuzungukazunguka: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Wazazi wengi huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo kichwani, lakini tafiti hazionyeshi hivyo, na mara nyingi kijana hupata ahueni kwa kuwa ametokea mtu wa kumuuliza. Akikubali, msimkaripie, msimhubirie wala msimwahidi kutunza siri; msikilizeni, msimwache peke yake, na mfikisheni kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Dawa za hospitali na za kuulia wadudu zifungiwe kwa kufuli, kwa sababu msukumo wa kujiua mara nyingi hupanda na kushuka kwa muda mfupi, na kijana asiyekuta karibu kitu cha kujidhuru hupata nafasi ya kuokolewa.

Kuhusu ripoti yenyewe, alama za chini zijadiliwe, ila si mbele ya wageni, wala si kwa kumlinganisha na mtoto wa jirani, desturi ambayo sijaona ikimfaulisha mtu hesabu.

Mwalimu wa ushauri nasaha atapatikana likizo nzima kupitia simu ya shule. Mzazi ambaye mtoto wake anatibiwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, ahakikishe anaendelea na matibabu, na atuarifu kabla shule haijafunguliwa ili tumpokee ipasavyo. Taarifa hiyo itabaki kwangu na kwa mwalimu huyo.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu