Eti naye ameshangaa kama wao

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa tisa usiku nimekaa sebuleni kwenye mkeka, kwa sababu chumbani nikiwasha simu mwanga unamwamsha mdogo, na akiamka ataanza kutafuta ziwa, na ziwa sina la kumpa tena. Leo ni usiku wa tatu silali. Acha nianze vizuri usije ukadhani mimi ni mwanamke asiyejua kujipanga.

Nina watoto wawili. Wa kwanza wa kike, ametimiza miaka 4 mwezi uliopita. Wa pili wa kiume, ana mwaka 1 na miezi 5. Na sasa nina mimba ya miezi sita. Najua umeguna hapo. Kila mtu anaguna. Mama wa genge ninayenunua kwake nyanya aliniangalia tumbo, akamwangalia mtoto mgongoni, akasema "makubwa". Huyo nimemsamehe, na wote walioguna nimewasamehe. Niliyeshindwa kumsamehe ni baba watoto.

Ilikuwa Jumapili, mama mkwe amekuja kutoka Muheza pamoja na wifi yangu mkubwa, tuko chini tunakula. Tumbo lilikuwa limeshaanza kujisema lenyewe. Mama mkwe akasimamisha tonge mkononi akauliza, "Huyu hata miguu haijakaza, mmeshaleta mwingine?" Shangazi, sikia alivyouliza. Alisema "mmeshaleta". Alituuliza sisi wawili. Na baba watoto, bila hata kuacha kutafuna, akajibu, "Muulizeni mwenyewe, mimi nimeshangaa kama ninyi."

Kama ninyi. Wifi akacheka. Mimi nikanyanyuka na jagi nikasingizia naongeza maji, nikasimama jikoni mpaka jagi likafurika likamwagika miguuni.

Watu wataniambia ni neno tu, lilimtoka. Mimi mwenyewe nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini hilo neno limekaa pale pale lilipoingia. Tuna miaka sita ya ndoa na hajawahi kuninyanyasa. Hanywi, hanipigi, kodi analipa, na akirudi kutoka Kariakoo hata awe amechoka vipi binti yake atamwogesha. Kwa hiyo tafadhali usinijibu niondoke, sikuandika kwa ajili hiyo. Angekuwa mume mbaya labda nisingeumia.

Nikueleze ilivyokuwa ili usinihukumu. Wiki sita baada ya kujifungua huyu wa pili, kliniki walitufundisha njia zote za uzazi wa mpango, sindano, vidonge, kijiti, kitanzi. Nikachagua kijiti, kile cha miaka 3 kinachowekwa mkononi chini ya ngozi. Nesi akaniambia anaweza kuniwekea siku hiyo hiyo. Ni mimi niliyesema ngoja kwanza nikaongee na mume wangu, ndivyo nilivyofundwa. Usiku alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anavua soksi, nikamwambia. Akaniuliza kama nimeshachoka kumzalia. Akasema mke wa rafiki yake kijiti kilimpotelea mkononi wakahangaika kukitafuta. Halafu akasema kwa upole, na upole ule ndio unaoniuma mpaka leo, "Wewe si unanyonyesha? Anayenyonyesha hashiki mimba. Mama hakuwahi kutumia chochote." Soksi moja alikuwa bado ameishika. Nakumbuka ilikuwa ya kijivu.

Mtu huyo huyo ndiye aliyeshangaa kama wao.

Nami nilimwamini, sikatai. Tena niliamini kwa raha, kwa sababu siku zangu zilikuwa hazijarudi na mtoto alikuwa ananyonya usiku kucha. Baadaye sana nesi ndiye aliyenieleza kwamba kunyonyesha kunakinga miezi 6 ya mwanzo tu, tena mtoto awe anategemea ziwa peke yake usiku na mchana, na mama awe hajaona siku zake hata mara moja. Mimi mwezi wa 6 nilianza kumpa uji, kama wao wenyewe kliniki wanavyoagiza. Na yai linaweza kupevuka kabla hujaona hata tone la damu, kwa hiyo unabeba mimba wala hujui. Mimi nilijua kwa kuchezewa. Nimeinama nafua, kitu kikanigusa kwa ndani kama kidole. Nikaenda duka la dawa, nikanunua kipimo, mistari miwili. Ultrasaundi ikasoma wiki 18. Sasa mtu wa wiki 18 amdanganye nani kwamba alipanga?

Jioni ya Jumapili ile ile mama mkwe akaniambia nimwachishe mtoto ziwa mara moja, maziwa yameshachafuka, nitambemenda, yaani atadhoofika kwa sababu wazazi wake wamekutana angali ananyonya. Mimi sikutaka. Lakini ningesemaje, mume wangu ameshanikana mbele ya watu, nani angenisikiliza? Shubiri akaileta yeye mwenyewe asubuhi, akaikoroga kwenye kifuniko cha chupa ya maji, akasimama mlangoni kuona kama nimepaka.

Nikapaka. Mtoto akavuta mara moja, akaachia, akanitazama. Hakulia. Alitoa ulimi nje akaufuta kwa kiganja, kisha kwa kiganja kile kile akanifuta mimi chuchu, taratibu, kama mtu anayenisaidia kutoa uchafu, halafu akajaribu tena. Mara ya pili ndipo alipolia. Nikifumba macho usiku naona kile kiganja.

Tangu hapo mtoto hali. Kabla ya hapo alikuwa na kilo 9.8, mwezi huu alikuwa na 9.1, mstari kwenye kadi umeshuka badala ya kupanda. Nesi aliponiuliza nini kimetokea nikamwambia mambo yote. Hakunigombeza. Alisema mimba haichafui maziwa, ila yanaweza kupungua na ladha ikabadilika, na mama mwenye mimba isiyo na shida, anayekula vizuri, anaweza kuendelea kunyonyesha. Akasema mtoto amekonda kwa sababu alikatwa ghafla kabla hajazoea kushiba chakula. Nimpe kidogo kidogo mara tano kwa siku, uji wenye karanga, yai, maharage yaliyopondwa, parachichi, dagaa wa kusaga. Nafanya hivyo. Dagaa anatema, parachichi anakubali. Jana alikula nusu nzima, nikakaa pale chini nikalia, mkubwa akaniuliza, "Mama, parachichi lake lilikuwa langu?"

Lakini huko Muheza maneno yameshafika kwamba nimembemenda mtoto. Wifi ndiye anayeyabeba. Na kubemenda, Shangazi, wewe unaelewa maana yake, mtu habemendi peke yake! Wakisema hivyo wanasema na habari za chumbani kwangu, na chumba hicho tunalala wawili. Baba watoto anayasikia kwenye simu na kunyamaza. Ananyamaza kwa sababu alishajitoa siku ile. Aliposema ameshangaa kama wao alifunga mlango akaniacha upande wa nje, na sijui nitarudi vipi ndani.

Kuna na jambo la kazi, hili nitalisema kwa kifupi maana halina dawa. Nilienda kwa afisa anayeshughulikia wafanyakazi kuuliza likizo ya uzazi. Akanifungulia sheria ya kazi ya 2004. Siku 84 zenye malipo zipo, ila mzunguko wake ni wa miezi 36, na wangu wa sasa nimeshautumia kwa huyu wa pili. Haujaisha. Nimebakiwa na likizo ya mwaka ya siku 28, zaidi ya hapo nikae bila mshahara, kama watakubali. Mshahara wangu ndio unaonunua chakula na kulipa mama anayewaangalia watoto, tangu binti wa kazi aliporudi kwao Singida. Nilipomwambia baba watoto, akashika kichwa akasema, "Sasa tutafanyaje?" Nikamwangalia. Siku hiyo ilikuwa "tutafanyaje". Sikumjibu kitu, nikaenda kuanua nguo.

Suluhisho alilokuja nalo baada ya siku mbili ni mkubwa apelekwe Muheza kwa bibi yake, akae mpaka huyu anayekuja atimize miaka 2. Anasema wengi wamelelewa hivyo, hata yeye alilelewa na bibi. Mimi nimekataa. Nimemwambia mwanangu haondoki, atazoea huko, atakuja kuniita shangazi. Na nyumba ile ndiyo nimpeleke akasikilize kila siku mama yake alivyo? Nimekataa kabisa.

Ila nikuambie ukweli, maana kama sikuambii wewe nitamwambia nani. Jana mchana nilijikuta nakunja nguo zake, nazitenga zile za kuvaa shamba, nazitia kwenye mfuko wa shangazi kaja. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimechoka, mdogo analia, mgongo unawaka, miguu imevimba, na yeye anaruka kitandani anaimba. Nikawaza tu jinsi nyumba itakavyokuwa kimya. Akaja akauliza, "Mama, tunasafiri?" Nikazitoa zote nikazirudisha kabatini. Sijui mimi ni mama wa namna gani. Simchoki mwanangu. Nimechoka, lakini simchoki yeye. Natumaini unaelewa tofauti yake.

Na huyu wa tumboni simchukii pia, wasije wakasema. Ananicheza vizuri, hasa saa hizi. Mahudhurio ya kliniki sikosi, vidonge vya damu nameza, chandarua nimepata. Ila sijaweza kumfurahia kama nilivyowafurahia wenzake. Wale walitangazwa kwa furaha. Huyu alitangazwa kwa kukanwa na baba yake juu ya sinia la wali.

Nesi alinidokeza kitu ambacho ndicho kinachoninyima usingizi siku hizi tatu. Amesema naweza kuwekewa kitanzi pale pale hospitali, ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, kabla sijarudi nyumbani. Kinakaa miaka 10 na zaidi, hakizuii kunyonyesha, kikitolewa uzazi unarudi, na mtu wa nje hawezi kukiona. Nikamuuliza kama mume lazima ajue. Akanitazama akasema mwili ni wangu na uamuzi ni wangu, ila wengi wanashauri tuongee. Nimeshamwambia nitakubali. Sijamwambia baba watoto. Na nikiwa mkweli sikusudii kumwambia. Nikimwambia ataleta tena habari za mke wa rafiki yake, nitamsikiliza, nitamwamini tena, najijua. Halafu baada ya mwaka tutakaa tena chini, mama yake atauliza, naye atashangaa kama wao.

Lakini kungwi wangu alinifunda kwamba mke hamfichi mume jambo la uzazi, na mimi sijawahi kumficha hata shilingi. Nikimficha hili, je, si nitakuwa na mimi nimemkana? Au yeye ndiye aliyeanza? Hilo ndilo linanizungusha. Muda mwingine naona ni haki yangu, muda mwingine naona nalipiza kisasi kwa kutumia tumbo.

Sitaki aniombe msamaha. Akiniomba chumbani taa zimezimwa hainisaidii kitu. Nilichotaka, tena tangu siku ile, ni aseme mbele ya mama yake na wifi, pale pale walipokaa, kwamba kijiti yeye ndiye aliyekataa. Sentensi moja tu. Hata asiongeze kitu. Nimejaribu kumwambia mara mbili, mara ya kwanza akasema nakuza mambo, mara ya pili akasema "si yamepita" akanunua chipsi. Nikazila, nilikuwa na njaa. Sasa mama mkwe anakuja tena mwezi ujao kumchukua mkubwa, tiketi ya basi ameshatumiwa hela na mwanawe, mimi nimeambiwa jana. Ndiyo maana na leo silali, kama hukuelewa.

Sijui hata nimekuuliza nini. Kama nafasi ni ndogo nijibu lile la kitanzi kwanza. La Muheza nitapambana nalo mwenyewe, ingawa kama una neno la kumwambia mama mkwe bila kumvunjia heshima naomba uniandikie nilikariri, maana nikifika mbele yake ulimi wangu unakufa.

Adhana imetoka na mdogo ameshaanza kugeukageuka. Naomba jina langu usilitoe, wifi anasoma kila kitu.

Mimi mama wa wawili,
Mbagala, Dar es Salaam