Jumamosi: wenye kiungulia msome kabla ya kuja

Habari za jioni wapendwa. Yoga yetu ya Jumamosi ni Arboretum, ile bustani ya miti, saa moja asubuhi, mvua isipotuharibia.

Wengi mmeniuliza faraghani kuhusu kiungulia, basi nijibu hapa mara moja. Yoga hamkatazwi, ila msije na tumbo lililojaa. Mlo kamili uishe muda wa saa mbili hadi tatu kabla ya kuanza. Nyinyi wa kupitia chai ya maziwa na mandazi njiani, nunueni mkirudi. Nawajua!

Kazi iko kwenye kuinama. Pale umio, njia ya chakula, unapoingia tumboni pana msuli unaofunga kama mlango. Ukilegea, asidi hupanda. Kichwa kikiwa chini ya tumbo, inateremka yenyewe mpaka kooni. Kwa hiyo mkao wa jembe (kulala chali na kupeleka miguu nyuma ya kichwa) na kusimama kwa mabega, msijaribu. Tukifanya mkao wa mbwa (mikono na miguu chini, makalio juu), wewe shika shina la mti kwa mikono yote miwili, rudi nyuma mgongo unyooke, kichwa kisishuke chini ya kiuno. Pumzi za kusukuma tumbo kwa nguvu pia ziruke. Suruali isibane kiunoni.

Wakati wa kupumzika, usilale chali bapa. Lalia ubavu wa kushoto, au kunja blanketi uinue mabega na kichwa.

Dawa za daktari usiziache kwa sababu ya yoga. Na maumivu ya kifua yanayoenda mkononi au tayani, au pumzi kukata, usiyaite kiungulia: hospitali mara moja. Chakula kikikwama kooni au choo kikiwa cheusi, mwone daktari.

Blanketi zangu hazitoshi, kila mtu abebe leso nene. Wanaokuja waandike jina hapa chini.