Nabii naye ni mgeni, siku ya tatu mpeni jembe

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni toka mwezi uliopita.

Mtaani kwetu alikuja nabii mgeni, turubai likafungwa, maspika mpaka saa sita usiku, tukaambiwa maombezi ya siku tatu, zikawa wiki tatu. Chupa ya maji ya kawaida kabisa ikibandikwa stika yenye sura yake inakuwa buku kumi. Jirani yangu mjane anayeuza vitumbua akatoa hela ya ada ya mwanae eti apande mbegu, shule zimefunguliwa na mtoto yupo tu nyumbani.

Sasa shemeji yangu ni katekista, ndo akanionyesha maandiko ya Wakristo wa mwanzo yanaitwa Didache, wasomi wengi wanayaweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, yalipotea miaka na miaka mpaka askofu mmoja wa Kiorthodoksi, Philotheos Bryennios, alipoyakuta kwenye maktaba kule Konstantinopoli mwaka 1873. Ni mafupi, sura 16, unamaliza chai haijapoa. Wanasema mtume akija mpokeeni kama Bwana, akae siku moja, ikibidi mbili, akikaa tatu huyo ni nabii wa uongo, akiondoka apewe mkate wa njiani tu, na akiomba hela ni wa uongo pia. Mgeni mwingine akitaka kuhamia kabisa afanye kazi ale. Nilicheka peke yangu, si ndo ile ile ya mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe!

Ila tusiwaonee watumishi wote. Humo humo wanasema nabii akiomba kwa ajili ya wahitaji wengine asihukumiwe, na nabii wa kweli akikaa nanyi mpeni malimbuko. Halafu wanaongeza, kama hamna nabii basi wapeni maskini. Hapo ndo nikanyamaza, maana nilikuwa nasoma huku nikimnyooshea kidole nabii wa turubai, kumbe na sisi tumo. Jumuiya yetu ina miezi minne inachangishana vitenge vya sare za Pasaka, mimi mwenyewe ndo mweka hazina, na yule mama wa vitumbua ni mwanajumuiya, hakuna aliyemuuliza ada ataitoa wapi, ndo maana akaifuata miujiza. Justin, yule Mkristo wa karne ya pili aliyeuawa kwa ajili ya imani, aliandika mwaka 155 hivi kwamba Jumapili wenye nacho wanatoa kwa hiari, kiongozi anahudumia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Sare hajazitaja.

Kwa hiyo naomba wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa, kwenye yale matangazo ya kila Jumapili mkisoma matoleo ya wiki iliyopita mtusomee na kiasi kilichoenda kwa wajane na yatima, hata kama ni sifuri isomwe hivyo hivyo sifuri.

Sisi tunakaa Jumamosi hii, nimependekeza hela ya vitenge ilipe ada ya yule mtoto, wengine wameshanuna na mmoja ameniuliza kama nimehama kanisa.

Mweka hazina wa jumuiya,
Tabata, Dar es Salaam