Barua kwa wazazi wa Ngamiani: mwulize wanamwitaje

Wanangu, assalaam alaykum.

Juzi jioni, nikiwa barazani, nilimsikia mmoja wenu akimwambia mwanawe aliyerudi shule akilia: "Wanakutania tu, utazoea." Usiku ule sikupata usingizi. Marehemu baba aliniambia maneno hayo hayo, na sikuzoea.

Nilikuwa na kigugumizi. Nikiitwa kusoma, darasa zima liliniiga, na jina walilonipachika mpaka leo mkono unakataa kuliandika. Ilikuwa kila siku, miaka mitatu. Ukubwani kigugumizi kilipungua, hofu ikabaki. Siku ya kumwoza binti yangu wa kwanza, walii, yaani mwenye kutamka maneno ya kumwoza, nikiwa mimi, nilimpa shehe uwakala aozeshe. Watu wakasifu, mzee ana adabu. Haikuwa adabu, wanangu. Nina miaka 52, nawaogopa watoto wa darasa la tatu!

Wala si mimi peke yangu. Uingereza wamewafuatilia maelfu ya watu waliozaliwa juma moja la mwaka 1958. Walioonewa na wenzao wakiwa na miaka 7 na 11, walipofika miaka 45 hadi 50 bado sonona, wasiwasi na dhiki ya moyo viliwaandama kuliko wenzao. Si wote, alhamdulillahi. Lakini miaka 40 ni mingi kwa kitu tunachokiita utani.

Utani sisi tunaujua. Babu humtania mjukuu, mjukuu akamrudishia, wote wakacheka. Mtani wako akikusema msibani, kesho nawe utamsema kwake. Mtoto anayechekwa na kundi, siku nenda siku rudi, na akijibu anapigwa, huyo hataniwi. Anaonewa.

Basi akianza kuumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi, au daftari zake zinarudi zimechanwa, usimkaripie. Kaa naye. Usiende kumfokea mtoto wa watu mbele ya darasa, maana kesho wako ndiye atakayelipa. Mwone mwalimu faraghani, na urudi tena kuuliza amefanya nini. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure. Nanyi mliokua na donge hili, hospitali ya Bombo wapo wahudumu wa afya ya akili. Kwenda kwao si wazimu. Mimi nilichelewa mno kulijua hilo.

Baba uliyekuwa barazani juzi, sikutaji. Usiku wa leo, kabla mwanao hajalala, mwulize huko shule wanamwitaje.

Ni mimi mzee wenu,
Ngamiani, Tanga